Namna ya Kumvisha Bibi Sweta: Mwongozo kwa Wenye Nyumba za Kale Johannesburg

Mtu aliyehamia Johannesburg kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu huja akiamini kwamba baridi ni mambo ya Ulaya. Kisha Juni inaingia. Mji uko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari na anga ya kipupwe haina wingu hata moja. Mchana jua linawaka, watu wanatembea na mashati mepesi. Likizama tu, joto lote linapaa juu, na usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 4 hivi. Mabondeni umande unaganda juu ya majani. Ndani ya nyumba ya mtaa wa Kensington iliyojengwa zaidi ya miaka mia iliyopita, yenye dari ya juu na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya hewa tupu, familia nzima imejifunika mablanketi mbele ya hita moja ya umeme, na kila mmoja anapiga hesabu ya yuniti kimoyomoyo.

Mwongozo huu ni wa familia hiyo. Unaichukulia nyumba ya kale kuwa bibi. Ana miaka mia na ushee, ana adabu zake, ana vitu vyake asivyotaka viguswe, na anasikia baridi. Anahitaji sweta. Hahitaji kupasuliwa uso.

Nasema hivyo kwa sababu karibu kila anayebisha hodi na katalogi mkononi atakushauri upasuaji. Ng'oa madirisha ya mbao uweke ya alumini. Bomoa dari ya bati la maua uweke jipsamu na taa za kuzamisha. Piga plasta ya simenti juu ya matofali mekundu, kisha rangi ya plastiki juu yake. Mashauri hayo yana gharama kubwa, yanamfuta bibi uso, na joto linaendelea kutoroka kwa sababu mlango linalotokea hakuna aliyeugusa. Kazi zinazoleta nafuu kubwa Johannesburg ni zile ambazo mpita njia hawezi kuziona. Ukilishika hilo, umeshaokoa nusu ya bajeti na sura yote ya nyumba.

Mwamkie kwanza

Kabla ya futi kamba, tafuta kaskazini. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua linalopita juu ya utosi, mara upande huu wa paa, mara ule, kufuata msimu. Johannesburg iko nyuzi 26 kusini, nje kabisa ya tropiki, na adhuhuri jua liko kaskazini mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni linafika nyuzi 40 tu juu ya upeo wa macho. Mwishoni mwa Desemba linakaribia utosi, nyuzi 87. Waliojenga nyumba za kale walilijua hilo, wakaweka baraza pana upande wa kaskazini. Jua la Desemba linaishia juu ya paa la baraza na ukuta unabaki kivulini. Jua la Juni linakuja kwa kuinama, linapita chini ya ukingo wa paa na kuingia hadi ndani ya mlango. Hakuna swichi, hakuna betri, na mtambo huo bado unafanya kazi leo.

Matajiri wa dhahabu walilitumia hilo bila haya. Msanifu Herbert Baker alipohamia Johannesburg mwaka 1902 alijijengea Stonehouse juu ya ukingo wa Parktown kwa mawe yaliyochimbwa kwenye mlima uleule, na miaka miwili baadaye akamaliza jumba la Northwards. Nyumba hizo zinatazama kaskazini, mteremko wenye jua, huku hewa ya baridi, ambayo ni nzito, ikiteremka usiku na kutuama mabondeni kwa watu wa kipato cha chini. Ukitaka kununua au kupanga, hilo peke yake ni sababu ya kuuliza nyumba imekaa wapi kwenye kilima kabla ya kuuliza idadi ya vyumba.

Basi mwamkie bibi kwa kuzunguka nyumba asubuhi, adhuhuri na alasiri siku moja ya Julai, ukiangalia jua linaingia wapi na limezuiwa na nini. Mara nyingi utakuta baraza la kaskazini limerundikwa makabati na friji mbovu, au mti usiopukutisha majani umepandwa mbele ya dirisha la sebuleni. Ondoa makabati. Punguza mti, au panda badala yake ule unaopukutisha majani wakati wa baridi, na fungua mapazia saa tatu asubuhi. Yafunge jua linapoanza kuegemea, kabla halijazama. Nimeona watu wakinunua hita ya tatu huku pazia la upande wa kaskazini likiwa limefungwa kutwa.

Jioni yenye upepo, chukua kijiti cha udi. Wenye maduka ya Fordsburg wanavyo vya kila harufu. Kiwashe, kisha kipitishe taratibu pembeni mwa kila dirisha, chini ya kila mlango, kwenye kona za ubao wa chini ya ukuta, kwenye mdomo wa bomba la moshi, na kwenye kifuniko cha tundu la kupandia darini. Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Ukilala, pana upepo. Ukinyonywa kwenda juu, umepata mahali mshahara wako unapotokea. Weka alama kwa chaki. Utamaliza chumba kwa dakika chache, nyumba itanukia vizuri, na utakuwa na ramani ambayo hakuna muuzaji atakayekuletea.

Panda darini

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana joto hupanda, na juu ya kichwa chako ndipo nyumba ya kale ilipo wazi zaidi.

Fundi mmoja wa Lubumbashi, anayefanya kazi zake mitaa ya Kensington na Bezuidenhout Valley, alisukuma kifuniko cha tundu la dari kwa bega, akaingiza kichwa na tochi. Chini, mwenye nyumba, mama wa Kinyakyusa, alikuwa ameshikilia ngazi.

"Fundi, unaona nini huko?"

"Mama, naona mchanga."

"Mchanga? Darini?"

"Mchanga wa mgodi, mama. Na waya. Blanketi hakuna."

Ulikuwa unga laini wa manjano, uliotanda juu ya mbao zote. Johannesburg ilianza mwaka 1886 kwa dhahabu, na mawe yaliyosagwa yakarundikwa kuwa vilima kusini mwa mji. Upepo wa Agosti umekuwa ukilipeperusha vumbi hilo na kulisukuma chini ya mabati tangu enzi za mababu. Lina silika, ambayo ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo atakayepanda avae barakoa ya kazi, na liondolewe kwa mashine ya kunyonya, lisifagiliwe. Chini ya vumbi kulikuwa na boriti za msonobari wa Oregon, mbao zilizovushwa baharini kutoka pwani ya magharibi ya Marekani. Chini ya boriti kulikuwa na migongo ya dari ya bati la maua, lile lililogandamizwa kiwandani likatoka mapambo ya majani na mizabibu. Juu ya kichwa cha fundi, mabati. Kati ya bati la dari na bati la paa hapakuwa na kitu isipokuwa hewa, na usiku wa Julai hewa hiyo haina tofauti kubwa na ile ya nje.

Paa za kale za nchi hii hazikuwa hivyo zote. Mtaa wa Orchards ipo nyumba aliyoijenga msanifu Hermann Kallenbach mwaka 1907 kwa mtindo wa misonge, ikaezekwa nyasi, na Mohandas Gandhi aliishi humo naye mwaka 1908 na 1909; leo inaitwa Satyagraha House, na inapokea wageni. Aliyelala kwenye msonge wa Kihaya anajua nyasi nene zinavyoshika joto. Mabati yaliletwa kwa sababu ni mepesi, yanaezekwa haraka na hayashiki moto. Tukaichukua faida hiyo tukasahau kurudisha unene.

Kuurudisha ndiko kumvisha bibi sweta, na namna yake ni hii. Mtangulize fundi umeme. Nyaya za kale zilikuwa na ganda la mpira, na mpira wa miaka sabini unakatika ukiugusa. Kufunika waya wa namna hiyo kwa blanketi ni kuufungia joto lake ndani, na moto huanzia hapo. Akishabadilisha nyaya na kukupa cheti cha usalama, ndipo blanketi litandikwe. La sufu ya kioo lenye unene wa milimita 135 linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Lipo la nyuzi za chupa za plastiki zilizosindikwa upya, ambalo haliwashi ngozi. Lipo pia la karatasi za magazeti zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, ambalo hupulizwa kwa mpira. Hilo linafaa pale kenchi zilipobanana na mtu hawezi kutambaa. Kanuni ya ujenzi ya Afrika Kusini, SANS 10400-XA, ilipotoka mwaka 2011 ilitaka paa za majengo mapya ya ukanda huu zifikie kipimo cha kuzuia joto cha R 3.7. Bibi hakuulizwa, kwa kuwa kanuni hiyo inahusu majengo mapya na nyongeza, lakini hakuna kinachokuzuia kuufuata mfano wa wajukuu zake.

Blanketi lisibanwe. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi, na ukilikanyaga umeitoa. Lisiache nafasi kati ya kipande na kipande. Lisizibe ukingo wa paa, maana darini lazima hewa ipite au unyevu utakaa kwenye mbao. Lisifunike taa za kuzamisha. Na kile kifuniko cha tundu ulichopandia kibandikiwe kipande cha blanketi mgongoni, kwani watu wengi hutandika dari nzima na kukisahau. Jambo la mwisho ni wachache wanaolikumbuka: dari ikishavishwa, joto la sebuleni halipandi tena kule juu, na mabomba ya maji yaliyoko darini yanabaki kwenye baridi kali kuliko zamani. Yafunge kwa mpira wa povu siku hiyohiyo, au utayakuta yamepasuka.

Yote hayo hayabadilishi ua hata moja la dari ya bati. Atakayekaa sebuleni atainua macho aone mapambo yaleyale waliyoyaona watu wa mwaka 1912, ila hatakuwa amevaa koti.

Bibi wa Orlando naye ni bibi

Ukitaja urithi Johannesburg, vidole vyote huelekea Parktown. Sheria haielekei huko peke yake. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Rasilimali za Urithi wa Taifa, namba 25 ya mwaka 1999, kinalinda kila jengo lililopita miaka 60, bila kuuliza lilikuwa la bwana au la mtumishi. Mwaka kwa mwaka mstari huo unasogea mbele. Nyumba za Orlando zilizoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 zimeshauvuka zamani, na zile za vyumba vinne za miaka ya 1950, mita za mraba 40 hivi, zilizopewa jina la viberiti kwa udogo wake, zimo pia. Nyumba namba 8115 ya Orlando West, iliyojengwa mwaka 1945 na ambamo Nelson Mandela alihamia mwaka 1946, ni ya jamii hiyohiyo ya nyumba. Leo ni makumbusho. Majirani zake ni nyumba za watu.

Nyingi zilikabidhiwa zikiwa hazina dari. Mtu alilala akitazama upande wa chini wa paa. Na ng'ambo ya bonde ilisimama Orlando Power Station, iliyochoma makaa ya mawe na kupeleka umeme mjini kwa miongo huku nyumba za Soweto zilizovuta moshi wake zikiwasha mishumaa. Zilisubiri hadi miaka ya 1980 kuvutiwa nyaya. Mtu akiniambia kwamba kumpa bibi wa Orlando dari ni anasa, namkumbusha hesabu hiyo.

Dari hasa ndiyo kazi ya kwanza huko, kabla ya kitu kingine chochote. Khayelitsha, Cape Town, mradi wa Kuyasa uliwekea zaidi ya nyumba ndogo 2,300 dari zenye blanketi, hita za maji za jua na taa zinazokula umeme kidogo, na ukasajiliwa mwaka 2005 chini ya utaratibu wa Mkataba wa Kyoto. Nyumba hizo hazikuwa za kale, lakini ugonjwa wao ulikuwa huohuo na dawa ilikuwa hiyohiyo.

Ila angalia paa. Viberiti vingi viliezekwa kwa shiti za saruji ya asbesto, madini yaliyopigwa marufuku Afrika Kusini mwaka 2008. Zikiwa nzima, hazijavunjika, zinaweza kuachwa na kupakwa rangi maalumu ya kuzifunga. Usizitoboe, usizisugue kwa brashi ya chuma, usizioshe kwa maji ya kasi, usimtume kijana akazivunje Jumamosi kwa bei poa. Kuziondoa ni kazi ya mkandarasi aliyesajiliwa. Dari iwekwe chini yake bila kuzigusa.

Usimng'oe meno

Madirisha ni meno ya bibi. Mtu akiyang'oa, hata ukimwekea mapya ya bei gani, kila anayemfahamu atajua.

Dirisha la kale la mbao, lenye vioo viwili vya kupandisha na kushusha kwa kamba na uzito uliofichwa ukutani, hupitisha upepo kwa sababu nne: kamba imekatika, mbao zimelegea, rangi za miongo saba zimelizuia lisifunge sawasawa, au kitasa cha katikati kimepotea. Zote zinatengenezeka. Seremala anayejua kazi yake hulitoa, huikwangua rangi, hubadilisha kamba, huchonga mfereji mwembamba kandokando na kupachika brashi ya kuzuia upepo. Rangi ya zamani huwa na risasi, kwa hiyo ikwanguliwe ikiwa mbichi kwa maji, watoto wakiwa mbali. Madirisha ya chuma ya miaka ya 1930 hadi 1950 yanataka subira zaidi. Kutu hutolewa, fremu iliyopinda hunyooshwa, na patii mpya hutiwa kwenye vioo. Baada ya hapo rudia udi wako.

Kioo kimoja kinapitisha joto hata kikiwa hakivuji, hilo ni kweli. Ongeza kioo cha pili kwa ndani, karatasi ngumu ya akriliki iliyoshikwa kwa utepe wa sumaku, inayotolewa Septemba na kuhifadhiwa chini ya kitanda. Nje haionekani. Au weka pazia zito lenye bitana, lifike sakafuni, na juu yake ubao wa kuziba mwanya, kwa sababu pazia lililoachwa wazi juu hugeuka kuwa bomba: hewa ya joto inaingia juu yake, inapoa kwenye kioo na kumwagikia miguuni kwako. Mpangaji wa Yeoville au Bertrams ambaye mwenye nyumba hamruhusu kupiga hata msumari anaweza kufanya haya ya pazia na kuyabeba siku ya kuhama. Zulia au mikeka miwili iliyopandana juu ya sakafu ya mbao ni kazi nyingine ya mpangaji, na inasikika unyayoni usiku uleule.

Mwache apumue

Ukishaonja raha ya kuziba, mkono hautulii. Uzuie kwenye mambo matatu.

La kwanza ni vile vitundu vya matofali chini ya usawa wa sakafu, upande wa nje. Vinapitisha hewa chini ya mbao. Ukiviziba kwa simenti, boriti zinaoza, na bibi anaanza kuzama kona moja baada ya nyingine. Ziba nyufa za mbao kutoka juu, vitundu viache.

La pili ni ukuta. Matofali ya kale yalijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na chokaa huachia unyevu utoke. Ukiona ukuta una ukungu chini, chunguza kwanza mfereji wa mvua uliotoboka na udongo wa bustani uliorundikwa dhidi ya ukuta. Plasta ya simenti na rangi ya plastiki hazikaushi maji. Zinayafungia ndani, na ukuta wenye maji hupitisha joto haraka kuliko mkavu. Lipu iliyobanduka irudishiwe ya chokaa.

La tatu nalisema bila mzaha wowote. Kama mnaota moto wa makaa, iwe jiko letu la mkaa au imbawula, debe lililotobolewa matundu ambalo mtu wa Johannesburg huliwasha nje na kuliingiza ndani likishaacha kutoa moshi, nyumba iliyozibwa vizuri itawaua. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na kila kipupwe inachukua familia usingizini. Moto wa makaa haulali ndani. Hita ya gesi au ya mafuta ya taa inataka tundu la hewa lililo wazi, na huzimwa kabla ya kulala.

Meko ya kale yenye vigae na chuma cha kusubu iachwe ilivyo, ni pambo la nyumba. Lakini bomba lake likiwa wazi bila moto, hewa ya sebuleni inapanda nalo usiku kucha. Jaza mfuko wa kitambaa kwa mabaki ya sufu, usukume kwenye koo la bomba, uache utepe mwekundu ukining'inia mbele ili asije mtu akawasha moto chini yake.

Maji ya kuoga

Tangi la maji ya moto liko darini, halisemi kitu, na mara nyingi linakula umeme kuliko kifaa kingine chochote nyumbani. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 15 hadi 60 kunachukua karibu yuniti 8. Kujaza beseni kubwa la kuogea lita 100 za maji ya nyuzi 40 ni karibu yuniti 3. Kuoga bombani dakika tano kwa lita 8 kila dakika ni yuniti moja na kidogo. Beseni la chuma lenye miguu ya simba libaki, ni zuri, lioshewe watoto wawili kwa mkupuo. Bomba la mvua lenye kichwa cha kubana maji liwekwe pembeni.

Tangi lenyewe livishwe blanketi lake, maana la kale hupoteza yuniti 2 au zaidi kwa siku hata kama hakuna aliyeoga. Termostati iwe nyuzi 60. Wengi hukuta imewekwa 70 na haijaguswa tangu nyumba inunuliwe. Usishuke sana chini ya 60, kwani maji vuguvugu huzaa bakteria. Siku tangi litakapopasuka, na matangi hupasuka, lisirudishwe lilelile kwa haraka. Pampu ya joto hutoa yuniti tatu hivi za joto kwa moja ya umeme na hukaa uani, nyuma ya jikoni. Hita ya jua nayo inafaa sana mji huu wa kipupwe kisicho na wingu, mradi uchague ile yenye maji ya kuzuia kuganda ndani ya mzunguko wake, na kioo kigumu cha kustahimili mvua ya mawe.

Paneli zije mwisho

Wakati wa mgao wa umeme, hasa mwaka 2022 na 2023, kila mwenye uwezo alikimbilia paneli. Serikali iliongeza kichocheo: kuanzia Machi 2023 hadi Februari 2024 mlipa kodi alirudishiwa robo ya bei ya paneli, isizidi randi 15,000. Mgao ukasitishwa Machi 2024, na Julai mwaka huohuo City Power, shirika la umeme la mji, ikaanza kutoza wateja wa malipo ya kabla ada ya kila mwezi ya randi 200 na kodi juu yake, ununue yuniti nyingi au chache. Sababu za kutaka paneli zipo. Ila aliyeziweka kabla ya dari alinunua paneli na betri za kupasha joto anga la Gauteng. Vaa sweta kwanza, pima matumizi kipupwe kizima, kisha nunua mtambo wa ukubwa unaohitajika. Utakuwa mdogo kuliko ulioandikiwa.

Zikija, zisikae usoni. Kwa kuwa jua liko kaskazini na nyumba nyingi nzuri zinatazama kaskazini, fundi atazipeleka moja kwa moja juu ya baraza. Mwambie aangalie kwanza paa la gereji, la vyumba vya uani, au mteremko wa mashariki na magharibi, ambao hupunguza mavuno kidogo na kuyasambaza asubuhi na alasiri unapoyahitaji. Zilale sambamba na mabati.

Omba ruhusa

Tafsiri ya sheria kuhusu kubadilisha jengo ni pana, inagusa hadi plasta na rangi. Kwa hiyo ukitaka kugusa kinachoonekana cha nyumba iliyopita miaka 60, iwe dirisha, paa, ukuta au paneli za upande wa barabara, omba kibali kwa mamlaka ya urithi ya Gauteng, PHRA-G, kabla fundi hajashusha vifaa. Johannesburg Heritage Foundation wanaijua mitaa hii nyumba kwa nyumba. Nenda na picha na maswali. Kibali huchukua muda, na kuna watakaokunong'oneza kwamba kwa ukuta mrefu ulio nao hakuna atakayeona. Mtaa wa Sophiatown ulisawazishwa kuanzia mwaka 1955 hadi zikabaki nyumba za kuhesabu, mojawapo ya daktari A. B. Xuma, na tangu hapo mji huu una haki ya kuulizwa kabla ya kitu cha kale kuondoka.

Ratiba yenyewe basi. Udi na mapazia, wiki hii. Fundi umeme na blanketi, kati ya Mei na Agosti, kwa sababu Januari chini ya mabati mtu hawezi kukaa robo saa. Maombi ya kibali yapelekwe mapema mwaka. Mifereji, misumari ya mabati na patii za madirisha zimalizwe Septemba, kwani Oktoba radi zinaanza na mvua ya mawe haina ahadi na mtu. Na ukibaki na vipande vya blanketi, mpelekee jirani afungie mabomba yake.